Balozi, Waziri Mkuu na Daktari Wao

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, nachukua historia. Tumefundishwa kwamba karne ya 16 dola za Kikristo na za Kiislamu zilipigana muda wote katika Bahari ya Mediterania. Halafu nikasoma mahali kwamba mabalozi wa Venice walikuwa na marafiki wakubwa Istanbul. Urafiki huo ulikuwa wa kweli au wa kinafiki? Uliwahi kubadili jambo lolote, au maslahi ndiyo yaliyoamua yote? Na huku kwetu pwani palikuwa na mambo ya namna hiyo?

JIBU: Marahaba. Nianze na taa.

Mwaka 1569 balozi wa Venice (mji wa Italia uliokuwa dola huru) mjini Istanbul, Marcantonio Barbaro, alituma kwao barua iliyoambatana na michoro ya taa za msikiti. Waziri mkuu wa Milki ya Osmani, Sokollu Mehmed Pasha, alitaka taa 900 za kioo, na kwa kazi ya kioo hakuna aliyewafikia mafundi wa Murano, kisiwa kilicho jirani na Venice. Kwa hiyo mafundi Wakristo waliombwa watengeneze taa za kuangazia sala za Waislamu, na aliyepeleka oda ni balozi mwenyewe, kama vile unavyomwagiza jirani anayekwenda mjini. Mwaka uliofuata, jeshi la Osmani likashuka Cyprus, kisiwa kilichokuwa mali ya Venice.

Ukiyaweka hayo mawili pamoja utasema urafiki ule haukuwa na faida. Walimu wengi wamesema hivyo. Mimi naona walikomea mwaka 1570, wakati jambo lenyewe linaanza hapo.

Lakini kwanza uelewe kazi ya ubalozi ilivyokuwa. Mkataba wa amani aliotoa sultani ulikuwa kiapo chake yeye, kwa jina lake. Akifa, kiapo kinakwenda naye kaburini, na balozi anaanza upya kubisha hodi kwa mrithi. Suleiman alifariki 1566. Mwanawe Selim II akauhuisha mkataba na Venice mwaka 1567, kisha akauvunja ndani ya miaka mitatu. Barua ya kutoka Istanbul hadi Venice ilikaa njiani kama mwezi mmoja, na wakati wa baridi ilizidi hapo. Balozi aliyetaka kuuliza kwao afanye nini angejibiwa jambo likiwa limeshapita. Waosmani nao hawakuweka balozi wa kudumu Ulaya mpaka 1793, walipompeleka mmoja London. Kabla ya hapo walituma wajumbe wa safari moja tu, na mazungumzo ya kila siku yakabaki Istanbul, mikononi mwa watu wachache wanaofahamiana. Katika hali hiyo, kujua nani amenuniana na nani, binti wa fulani ameolewa wapi, na daktari wa waziri ni yupi, ndiyo ilikuwa kazi yenyewe ya balozi. Wavenice walilijua hilo kiasi kwamba kuanzia 1551 walikuwa wakipeleka vijana wao kukaa katika nyumba ya balozi ili wakue wakijifunza Kituruki, wasitegemee wakalimani wa watu wengine.

Sasa mtazame Sokollu. Alizaliwa katika kijiji cha Sokolovići, Bosnia, kwa wazazi Wakristo wa Orthodoksi. Alichukuliwa kijana katika ule utaratibu wa Waosmani wa kukusanya watoto wa Kikristo kwa ajili ya jeshi na ikulu, akasilimu, akapanda ngazi hadi akawa waziri mkuu tangu 1565 mpaka alipouawa kwa kisu mwaka 1579. Alitumikia masultani watatu. Mkewe, Ismihan, alikuwa binti wa Selim II, kwa hiyo alikuwa mkwe wa sultani. Na hakuwasahau wa kwao: mwaka 1557, wakati yeye tayari ni mtu mzito serikalini, upatriaki wa Kanisa la Serbia ulirudishwa mjini Peć, na aliyekalia kiti alikuwa Makarije Sokolović, jamaa yake. Nakueleza haya ili usimfikirie kama "upande wa Waislamu" ulioketi kumkabili Barbaro wa "upande wa Wakristo". Watu waliokutana katika baraza lile walikuwa na mizizi iliyovuka mpaka.

Sokollu hakuitaka vita ya Cyprus. Aliona ingewaunganisha Wavenice, Wahispania na Papa dhidi ya sultani, na kweli ikawaunganisha. Wapinzani wake ndani ya serikali, hasa Lala Mustafa Pasha na Piyale Pasha, waliitaka kwa sababu vita huleta sifa na nyara, na sifa zingewashusha chini yeye na kundi lake. Mufti mkuu Ebussuud akatoa fatwa ya kuihalalisha. Sokollu akashindwa. Hapo urafiki haukufua dafu, na tusilifiche hilo. Barbaro aliwekwa kizuizini ndani ya nyumba yake, chini ya ulinzi.

Ila hakutupwa gerezani, na mazungumzo hayakukatika. Ndani ya mji uleule alikuwamo Solomon Ashkenazi, tabibu Myahudi mzaliwa wa Udine, aliyesoma udaktari Padua na kuwahi kumtibu mfalme wa Poland kabla ya kuhamia Istanbul. Alikuwa akitibu katika nyumba ya balozi na katika nyumba ya waziri mkuu pia. Daktari haulizwi anakwenda wapi: akiitwa usiku ni mgonjwa, akirudi asubuhi ni mgonjwa. Basi akawa mshenga kati ya nyumba mbili ambazo rasmi zilikuwa vitani. Maneno ya huyu aliyapeleka kwa yule, ya yule akayaleta kwa huyu, miaka mitatu mfululizo.

Na haikuwa miaka ya mchezo. Agosti 1571 Famagusta, mji wenye ngome huko Cyprus, ilisalimu amri, na Lala Mustafa akaamuru Mvenice aliyeilinda, kamanda Marcantonio Bragadin, achunwe ngozi akiwa hai. Tarehe 7 Oktoba mwaka huohuo, meli za Kikristo ziliangamiza karibu kikosi chote cha majini cha Waosmani huko Lepanto. Ulaya nzima kengele zilipigwa. Yasimuliwa kwamba Barbaro alipokwenda kwa Sokollu baada ya habari hizo, waziri alimwambia amekuja kuona kama wameshikwa na woga. Kisha akasema: kwa kuwanyang'anya Cyprus sisi tumewakata mkono, kwa kuvunja meli zetu ninyi mmetunyoa ndevu. Mkono uliokatwa hauoti tena, ndevu zikinyolewa huota na kuzidi.

Maneno hayo hunukuliwa kama majigambo. Mimi huwa nayasoma kwa kutazama ni nani anaambiwa, na wapi. Balozi wa adui, vita haijaisha, ameketi mbele ya waziri mkuu, na anaelezwa waziwazi hesabu inavyosimama: Cyprus imekwenda, msiingoje; sisi tutajenga meli nyingine. Maneno hayo yanamwambia, hesabuni hasara yenu tuongee. Na meli zilijengwa kweli, katika majira ya baridi yaleyale, wakati washirika wa Venice wakivutana kuhusu waende kupigana wapi.

Tarehe 7 Machi 1573 Venice ilitia saini amani peke yake, bila kuwaarifu Papa wala mfalme wa Hispania. Iliiacha Cyprus na kulipa dukati 300,000, yaani sarafu za dhahabu. Balozi wa Ufaransa alisaidia, lakini uti wa mgongo wa mazungumzo ulikuwa watu watatu: Barbaro, Sokollu na yule daktari. Masharti yalikuwa machungu, na wapo waliosema Venice imeuza Lepanto yake. Ila bandari zilifunguka, wafanyabiashara wakarudi Aleppo na Alexandria, na Venice ikakaa na Waosmani bila vita kubwa mpaka 1645. Kwa mji ulioishi kwa biashara, miaka sabini hivi si haba.

Basi swali lako la kama urafiki uliwahi kubadili jambo nalijibu hivi: urafiki haukuzuia vita. Ulichofanya ni kuhakikisha kwamba siku maslahi ya pande zote mbili yalipogeuka kuelekea amani, palikuwa na watu waliokwisha kuaminiana kiasi cha kusema bei ya kweli bila kupoteza mwaka mzima wakipimana. Hispania haikuwa na mtu wa namna hiyo Istanbul mwaka 1573. Ilimchukua miaka mingine kadhaa ya wajumbe wa siri mfalme wa Hispania kupata hata mapatano ya muda ya kusitisha mapigano.

Kuna picha ya rangi ya Barbaro, huhusishwa na mchoraji Veronese na karakana yake, ambamo ameshika barua. Juu ya barua hiyo pameandikwa kwa Kilatini kwamba inakwenda kwa Mehmed Pasha, waziri wa Waislamu, rafiki bora. Mzee wa Kivenice aliyepoteza Cyprus akiwa kazini alichagua kuonekana hivyo na vizazi vyake. Unafiki hauna sababu ya kujichora ukutani nyumbani kwake.

Lakini usije ukadhani nawapaka mafuta. Kila balozi wa Venice alipomaliza muda wake alisoma ripoti mbele ya Seneti, na ukizisoma ripoti hizo unakutana na jicho kavu kabisa. Rafiki wa jana anapimwa: anapenda fedha kiasi gani, maadui zake ni nani, afya yake ikoje, ataishi muda gani. Sokollu naye alipokea zawadi kutoka kila pembe, na watu wa zama zake waliusema sana utajiri wake. Wahenga wetu walisema undugu ni kufaana, si kufanana, na sidhani Barbaro wala Sokollu wangeona ajabu katika maneno hayo. Sisi wa leo ndio tunaotaka rafiki asiye na faida ndipo tumwite wa kweli.

Ubaya wa mambo yanayosimama juu ya mtu ni kwamba mtu huanguka. Miaka arobaini kabla, Venice ilikuwa na njia nzuri zaidi ya hiyo: Alvise Gritti, mwana wa nje ya ndoa wa Andrea Gritti, aliyezaliwa Istanbul baba yake alipokuwa mfanyabiashara huko. Baba aliwahi kufungwa na Waosmani kwa upelelezi, akatoka, akashiriki kutafuta amani ya 1503, na mwaka 1523 akawa Doge, mkuu wa Venice. Mwana alibaki Istanbul, akatajirika, akawa mwandani wa waziri mkuu Ibrahim Pasha. Mwaka 1532 masonara wa Venice walipotengeneza kofia ya dhahabu yenye mataji manne kwa ajili ya Suleiman, yenye thamani ya zaidi ya dukati laki moja, mpango ulipitia kwa hao wawili. Halafu Gritti akaingia tamaa ya kutawala Hungary, akauawa mwaka 1534 huko Transylvania. Ibrahim, aliyekaribiana na sultani kuliko mtu yeyote, alinyongwa Machi 1536. Venice ikaamka haina mtu, na mwaka uliofuata ikawa vitani na Waosmani.

Nikupe na kisa kimoja cha damu, maana damu nayo ilikuwa diplomasia. Mwaka 1561 Scipione Cicala, kijana wa ukoo wa Genoa uliokaa Messina, alitekwa baharini pamoja na baba yake. Alisilimu, akalelewa ikulu, akawa Cigalazade Sinan Pasha, amiri wa meli za sultani. Mwaka 1598 alikuja na kikosi chake mbele ya Messina, na raia wa Sicily wakajua yamewafika. Kumbe anaomba kumwona mama yake. Mkuu wa Hispania katika kisiwa kile alikubali, wakapeana mateka wa dhamana kwanza, kisha Bi Lucrezia akapelekwa katika meli ya mwanawe, wakaonana baada ya miaka zaidi ya thelathini. Mama akarudi nchi kavu, meli zikageuza bila kupiga mji. Ukitaka kujua maslahi yalikuwa wapi siku hiyo, jiulize Hispania na Milki ya Osmani zilipata nini. Hazikupata kitu.

Wanawake wengi hawaonekani katika vitabu vyenu vya shule, na hilo ni kosa, kwa sababu nyumba ya ndani ya sultani ilikuwa ofisi. Safiye, mama yake Mehmed III, aliandikiana barua na Malkia Elizabeth wa Uingereza. Mwaka 1599 Waingereza walileta kinanda kikubwa kwa sultani na gari la farasi kwa mama yake. Yeye alijibu kwa vazi, mshipi, taulo mbili za hamamu zilizotariziwa dhahabu, leso tatu, na taji la lulu na yakuti. Aliyeshughulika na mambo hayo nje ya kuta alikuwa Esperanza Malchi, mwanamke Myahudi, na barua yake kwa Elizabeth ya Novemba 1599 ipo mpaka leo. Anaomba maji ya manukato ya uso na mafuta mazuri ya mikono, na anaomba vije moja kwa moja kwake avipeleke mwenyewe, kwa kuwa ni vitu vya wanawake na bibi yake hapendi vipite katika mikono ya watu wengine. Usicheke. Uingereza ilikuwa nchi ndogo ya Kiprotestanti isiyo na rafiki upande wa Hispania, ikitaka mlango wa biashara Istanbul, na mafuta ya mikono yalifika mahali ambapo balozi mwanamume hakuweza kukanyaga. Malchi mwenyewe hakudumu: mwaka 1600 askari wa farasi wenye hasira kuhusu fedha zao walimuua. Bibi yake alinusurika. Washenga ndio waliolipa.

Sasa pwani. Ndiyo, palikuwapo, na kwa uchungu zaidi. Urafiki wa Malindi na Wareno ulianza 1498, Vasco da Gama alipotoka Mombasa kwa mashaka na kupokewa vizuri Malindi, akapewa rubani wa kumvusha mpaka Calicut. Hapo maslahi yalikuwa wazi: Malindi ilikuwa na ugomvi wa siku nyingi na Mombasa. Wareno walipoishika Mombasa na kuanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, ukoo wa Malindi ndio uliopewa kutawala hapo.

Kisha Wareno wakauharibu urafiki huo kwa mikono yao. Sultani Hasan bin Ahmad, wa ukoo huo wa Malindi, aligombana na nahodha wa ngome, akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa huko kwa hila iliyokuwa na mkono wa Wareno. Mwanawe Yusuf, mtoto mdogo, alichukuliwa Goa, makao ya Wareno huko India, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Augustino. Alibatizwa jina la Dom Jerónimo, akatumika katika meli za Kireno, akaoa hukohuko. Mwaka 1626 wakamrudisha Mombasa awe mfalme, Mkristo, mwenye kuvaa Kireno, na mwaka 1627 barua ya utii ikaenda kwa Papa kwa jina lake. Kwa hesabu ya Lisbon na Goa hiyo ilikuwa kazi nzuri kuliko ubalozi wowote: badala ya kutafuta rafiki, umemlea mwenyewe tangu utotoni.

Tazama tofauti yake na Istanbul. Sokollu na Barbaro kila mmoja alikuwa na kwao, na kila mmoja alimhitaji mwenzake akiwa na nguvu zake. Yusuf aliambiwa ni mfalme, lakini nahodha Pedro Leitão de Gamboa pale ngomeni hakumchukulia kama mfalme. Raia wake nao walimwona Mreno. Akaanza kwenda usiku kwenye kaburi la baba yake kusali kwa namna ya Kiislamu. Mtu akamwona, akampasha nahodha, na nahodha akapanga kumkamata ampeleke Goa. Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, kama mtu aliyezoeleka pale, akamuua nahodha kwa kisu. Wareno wa mjini waliuawa pia, pamoja na watawa, wake na watoto. Wapo waliopewa nafasi ya kusilimu wakakataa. Mwaka 1632 kikosi kutoka Goa kiliizingira ngome kikashindwa kuitwaa, ila Yusuf hakungoja cha pili. Aliondoka kwa meli, akawa akiwasumbua Wareno baharini mpaka alipofia Jeddah mwaka 1638.

Katika insha yako, usimweke Yusuf kwenye fungu la "urafiki ulioshindwa". Pale hapakuwa na urafiki wa kushindwa, palikuwa na malezi ya mateka yaliyopewa jina la urafiki, na Wareno wenyewe ni kama walilielewa hilo: baada yake hawakumsimika tena mfalme wa ukoo wa Malindi Mombasa. Walitawala kupitia nahodha peke yake, mpaka Waomani walipoitwaa Fort Jesus mwaka 1698.